Karatasi Tatu za Nazibrola

Karatasi tatu mezani, na Jumatatu haiko mbali.
Nazibrola amezikandamiza kwa nati kubwa ya chuma,
maana dirisha la ofisi halifungi sawasawa
na upepo wa mto Rioni hauna adabu na karatasi.

Kampuni yetu hutundika vibanda vya kioo kwenye kamba za waya,
watu wapande milima ya Georgia wakiwa wameketi.
Tuko tisini na sita. Mimi ni wa barua na kahawa,
kwa hiyo nimeziona kabla ya wakubwa.

Ya kwanza ina nguzo.
Umeme hapa, kamba pale, hesabu ghorofani,
kila fundi chini ya fundi aliyemzidi.
Tsiala wa kamba anaipenda, hafichi:
miaka ishirini na miwili anapitisha kidole kwenye waya,
na akisema "hapa kutu imeanza kula," hakuna anayebisha.
Sawa. Lakini naikumbuka barua moja ya kuomba kapi,
ilivyopanda ngazi za umeme, ikashuka,
ikapanda za kamba, ikalala siku tisa kwa mhasibu,
na kule mlimani watu wanahesabu theluji.

Ya pili imechorwa kama wavu:
mistari ya kusimama, mistari ya kulala,
na penye kila fundo, mtu.
Mshauri kutoka Tbilisi aliisifu hadi kahawa yangu ikapoa.
Tuliijaribu. Muulize Otia, mchomeleaji.
Aliomba siku tatu, bintiye anaolewa.
Mkuu wa ufundi akasema, nenda, na Mungu awabariki.
Mkuu wa mradi akasema, nani kakuruhusu?
Otia alicheza harusini simu ikimtetemeka mfukoni;
katika kila picha bibi harusi anacheka
na baba anatazama paja lake.
Njia mbili zilimshinda fisi, tunasema.
Fisi angalau njia zake hazikumpigia simu.

(Ni wavu huohuo, nisidhulumu,
uliowakalisha Tsiala na mchoraji meza moja
wakagundua kapi limechorwa dogo kuliko kamba.)

Ya tatu ni duara, duara, duara,
mahema yaliyotazamwa kutoka juu.
Kila kazi na watu wake, mkubwa wake, fedha zake.
Malkhazi bado anaisimulia laini ya bonde la juu:
miezi kumi na mmoja kibanda kimoja, chungu kimoja cha maharage,
neno likitamkwa asubuhi, mchana limekuwa chuma.
Kisha utepe ukakatwa.
Alhamisi walisimama uani, kofia ngumu mkononi,
wakiulizana kwa macho: sasa wewe ni wa nani?

Nazibrola amemuuliza kila mtu swali moja, hata mimi:
"Kitu kikiharibika usiku wa manane, unamwamsha nani?"
"Tsiala," nikasema.
"Kwenye mchoro upi?"
"Wowote."
Akacheka kidogo, kwa pua, akaandika.

Jumapili jioni nilirudi kuchukua mwavuli
nikamkuta peke yake, mikono imejaa risasi ya penseli.
Amezichora duara juu ya nguzo.
Kamba na ukaguzi havihami. "Kutu," akasema,
"haina habari kwamba mradi umekwisha."
Wajenzi waende na duara zao,
na ubavuni mwa kila duara, kwa wino, si penseli,
ameandika watarudi wapi.
Otia ana mkubwa mmoja. Amempigia mstari mara mbili.

Ule wavu ameufuta kwa raba, na haukufutika vyema.
Ukiinua karatasi kwenye taa, mistari ipo bado,
myembamba kama uzi wa mshonaji,
na penye fundo moja pana jina nusu,
halisomeki, ila herufi ya kwanza
ni yangu.